Donda Lisilopona na Doa la Unyayoni: Somo Juu ya Kansa ya Ngozi

Mkulima, mwezi huu somo letu si la mahindi wala la ng'ombe wa maziwa. Ni juu ya ngozi yako mwenyewe, na hasa ngozi ya mahali usipopatazama: chini ya unyayo, katikati ya vidole vya mguu, chini ya ukucha, na juu ya kovu la zamani. Huko ndiko kansa ya ngozi hupenda kumkalia mtu mweusi, na kwa kuwa hajitazami huko, hufika hospitali amechelewa.

Watu wengi husema, "Kansa ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu." Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote, na ile sehemu iliyobaki ndiyo inayoua watu. Kwa hiyo soma polepole, na kama nyumbani kuna mzee asiyejua kusoma, msomee.

NGOZI NA RANGI YAKE

Ngozi ya mtu imejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, ambazo madaktari huziita seli. Chini kidogo ya uso wa ngozi ziko seli ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi. Rangi hiyo huitwa melanini. Mtu mweusi na mtu mweupe wote wanazo seli hizo, na hesabu yake ni karibu sawa. Tofauti ni kiasi cha rangi zinachotengeneza. Melanini ni kama mti wa kivuli katika shamba la kahawa: hupokea ukali wa jua kabla haujafika chini.

Wafugaji wa ng'ombe wa nyama wamejua jambo hili kwa muda mrefu. Ng'ombe wa aina ya Hereford, ambaye uso wake ni mweupe, hushikwa na kansa ya jicho mara nyingi katika nchi zenye jua kali. Lakini yule mwenye rangi nyekundu kuzunguka macho hushikwa mara chache zaidi. Ni ng'ombe wa ukoo mmoja, malisho mamoja, jua moja. Tofauti ni rangi ya kope.

Sasa, kansa ni nini? Seli za mwili huzaana kwa kipimo, kama watu wanaofuata amri. Kansa huanza pale seli moja inapoacha kutii amri hiyo, ikazaana bila kukoma, na watoto wake wakafanya vivyo hivyo. Kwanza hukaa mahali pamoja. Baadaye huingia ndani ya nyama, halafu husafiri kwa njia ya damu na mitoki mpaka mapafu, ini na ubongo.

Kansa za ngozi ni za namna nyingi, lakini mbili yafaa uzijue. Ya kwanza hutoka katika zile seli za rangi, nayo huitwa melanoma. Si ya mara nyingi, lakini ni kali, na husafiri upesi. Katika mwaka 2022 watu karibu 330,000 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na karibu 60,000 wakafa. Ya pili hutoka katika seli bapa zilizo juu ya ngozi. Hii huenda polepole zaidi, lakini ikiachwa hula nyama mpaka mfupa. Kuna ya tatu ambayo huwapata Wazungu wengi sana na huua mara chache, hiyo tuiache. Tena kuna mabaka ya rangi ya zambarau yaitwayo Kaposi, ambayo huonekana zaidi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Mwenye mabaka hayo aende kupimwa na kupata dawa, maana dawa za virusi husaidia sana.

MELANOMA YA MGUUNI

Mzungu hupata melanoma mgongoni, mikononi, miguuni na usoni, mahali palipochomwa na jua. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa hesabu wa Australia, Henry Lancaster, alionyesha kwamba Wazungu wa kule walikufa kwa melanoma zaidi kadiri walivyokaa karibu na ikweta. Hapo ndipo watu walipoanza kulishuku jua kwa nguvu.

Lakini kwa mtu mweusi mambo ni mengine. Melanoma yake, mara nyingi, haiko mahali pa jua kabisa. Iko chini ya unyayo, kisiginoni, katika kiganja cha mkono, au chini ya ukucha. Wataalamu wa siku hizi waweza kusoma ndani ya seli ya kansa na kuona alama za kilichoiharibu, kama vile wewe unavyoona alama za meno juu ya mhindi ukajua ni panya au ni ndege. Katika melanoma ya unyayo alama za jua ni chache sana. Kwa hiyo kumwambia mkulima mweusi ajikinge na jua ili asipate melanoma ni kumpa dawa ya ugonjwa usio wake. Linalomfaa yeye ni kutazama nyayo zake.

Habari ya mtu mmoja yajulikana ulimwenguni kote. Mwimbaji wa Jamaica, Bob Marley, alikuwa na kidonda katika kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikuwa mpenzi wa mpira, na kidonda kikadhaniwa kuwa ni cha mpira. Mwaka 1977 madaktari waligundua kwamba ni melanoma chini ya ukucha. Wakamshauri kidole kikatwe. Hakukubali kidole chote kiondolewe, ikakatwa sehemu tu na kuwekwa kiraka cha ngozi. Kansa ikasafiri. Alikufa tarehe 11 Mei 1981 huko Miami, akiwa na miaka 36. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba kidole kingalimwokoa, lakini lililo wazi ni hili: kwa muda fulani ugonjwa ulionekana kama jeraha la kawaida la mguu. Nawe mkulima, ni nani aliye na majeraha ya mguu kuliko wewe? Jembe limekupiga, ng'ombe amekukanyaga, mwiba umekuchoma. Kila doa jeusi lina kisingizio chake tayari.

Basi jifunze kutenganisha.

Funza huacha nukta nyeusi katikati ya uvimbe mdogo mweupe. Huwasha, na akiondolewa na mahali pakasafishwa, panapona katika siku chache. Doa la melanoma haliwashi sana mwanzoni, halina uvimbe wa funza, na halipungui. Hukua. Mipaka yake si sawa, kama mpaka wa shamba uliopimwa na mlevi. Rangi yake hailingani: hapa nyeusi, pale kahawia, pengine kibuluu au kijivu. Baadaye huinuka, hutoa maji au damu, na mtu huanza kuchechemea.

Damu iliyoganda chini ya ukucha baada ya kupigwa na jembe huonekana nyeusi, lakini husogea mbele pamoja na ukucha unavyokua. Chora alama ndogo ukuchani pale doa linapoanzia, kisha utazame baada ya wiki sita. Ukucha safi ukionekana nyuma ya doa, ni damu. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huhitaji mwaka mmoja au mmoja na nusu kukua wote, kwa hiyo usitazamie doa litoke upesi. Tazama tu kama linasogea.

Jambo la tatu lahitaji uangalifu, kwa sababu huwatisha watu bure. Watu weusi wengi wana mistari ya kahawia katika kucha zao, kutoka nyuma kwenda mbele. Mistari hiyo ikiwa katika kucha kadhaa, miembamba, na imekaa hivyo miaka mingi, ni rangi ya kawaida tu. Ya kushukiwa ni mstari mmoja katika ukucha mmoja, hasa kidole gumba cha mkono au cha mguu, unaoanza ukubwani na kupanuka, na zaidi ikiwa weusi umevuka ukucha ukaingia katika ngozi ya shina lake. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson aliieleza dalili hiyo katika karne ya 19, na mpaka leo madaktari huiita kwa jina lake.

Kwa nini twasisitiza kuwahi? Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Alexander Breslow, alipima kwa darubini unene wa melanoma zilizokwisha kukatwa, kutoka juu ya ngozi kwenda chini, kisha akaangalia wagonjwa walifikia wapi. Aliona kwamba zile zilizokuwa nyembamba kuliko milimita 0.76 hazikurudi wala kusafiri katika wagonjwa wake. Huo ni unene wa kadi ya benki. Tangu wakati huo kipimo cha Breslow hutumiwa duniani kote, nacho ndicho humwambia daktari akate kiasi gani na atarajie nini. Wewe umepalilia miaka mingi, wajua kwamba gugu likikatwa kabla ya kupeleka mizizi chini ni kazi ya dakika moja, na likiachwa msimu mmoja ni kazi ya mwaka.

Huko Marekani, zaidi ya Wazungu 90 katika kila 100 wenye melanoma huwa hai baada ya miaka mitano. Kwa watu weusi wa nchi ile ile ni karibu 70. Sababu si moja, lakini kubwa ni kwamba mtu mweusi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kuingia ndani. Hata daktari mwenyewe pengine hakufundishwa: picha katika vitabu vingi vya udaktari ni za ngozi nyeupe.

Tena chunguza kinena. Mfugaji anaposhuku ndigana kali kwa ndama hushika kwanza tezi iliyo chini ya sikio, maana ugonjwa huvimbisha tezi iliyo karibu na mahali kupe alipouma. Kwa mtu ni vivyo hivyo. Doa la unyayo likiwa limeanza kusafiri, mtoki wa kinena cha upande ule huvimba, mgumu, na mara nyingi hauumi. Ukiwa na doa na mtoki pamoja, usingoje siku ya soko.

DONDA LA MIAKA MINGI

Sasa twaja kwa kansa ya pili, ya seli bapa. Hii kwa mtu mweusi huwa na mlango wake maalum, nao ni ngozi iliyoharibika zamani.

Mwaka 1828 daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika juu ya vidonda vinavyoota juu ya makovu. Madaktari waliomfuata walitambua kwamba baadhi ya vidonda hivyo ni kansa, na leo huitwa vidonda vya Marjolin. Kovu la moto ndilo la kwanza kwa kuleta shida hii. Mtoto huangukia jiko, au humwagikiwa na uji wa moto. Hapelekwi hospitali, au hupelekwa akafungwa bandeji tu bila kupandikizwa ngozi. Kidonda hupona kwa shida, ngozi inayobaki ni nyembamba, hupasuka kila mara mtu anapokunja goti au kiwiko. Miaka hupita. Kwa kawaida ni kama miaka 30. Halafu siku moja pale palipopasuka hapaponi tena.

Vivyo hivyo donda ndugu la mguuni. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Afrika Mashariki waliona kansa nyingi za mguu zilizotokana na madonda ya namna hiyo, ambayo wenyewe walikuwa wameyabeba miaka kumi, ishirini au zaidi. Leo madonda hayo ni machache kuliko zamani, kwa sababu viatu, sabuni na dawa zimeenea. Hayakwisha. Katika kila skimu kuna mzee mmoja au mama mmoja mwenye donda lililofungwa kitambaa, ambalo kila mtu amelizoea, hata yeye mwenyewe. Ndilo tunalolizungumza.

Dalili za kwamba donda la zamani limegeuka ni hizi. Ukingo wake, uliokuwa umelala, huinuka na kuwa mgumu kama pindo la kikapu. Ndani yake huota nyama iliyochipuka kama koliflawa. Hutoa damu kwa kuguswa kidogo. Harufu hubadilika ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa. Pengine maumivu huongezeka, na pengine, jambo la ajabu, maumivu hupungua na mtu akafurahi akidhani linapona. Usiongozwe na maumivu. Ongozwa na ukingo na nyama.

Kuna kanuni moja rahisi ya kushika. Donda lililooshwa, likafungwa vema na kutibiwa ipasavyo kwa miezi mitatu bila kupona, limestahili kukatwa kipande kidogo kipelekwe kwa darubini. Kabla ya hapo daktari anakisia tu. Watu wengi huogopa kukatwa kipande, wakisema kisu huiamsha kansa na kuieneza. Si kweli. Kipande huchukuliwa kwa sindano ya ganzi, huwa kidogo kama punje ya mahindi au chini ya hapo, na ndicho kinachotoa jibu. Kinachoharibu mambo ni mikono mingine: kulichoma donda kwa chuma cha moto, kulipaka maji ya betri au dawa ya kuogeshea ng'ombe, kulikata doa kwa wembe nyumbani. Hayo hulificha donda machoni pa daktari bila kuondoa kilicho chini.

Na la kuzuia lipo, tena ni rahisi kuliko la kutibu. Moto wa jikoni uinuliwe juu ya jukwaa la udongo, au uzungushiwe kizuizi watoto wasifikie. Mtu mwenye kifafa asipike peke yake na asiache dawa zake. Aliyeungua sana apelekwe hospitali siku ile ile, na mzazi aulize waziwazi: "Je, mtoto huyu anahitaji kupandikizwa ngozi?" Swali hilo likiulizwa leo laweza kumwokolea mguu akiwa na miaka 40.

MTOTO MWENYE UALBINO

Yote tuliyosema juu ya jua kutokuwa adui mkubwa wa mtu mweusi hayamhusu mtoto mwenye ualbino. Kwake jua ndilo adui mwenyewe. Yeye amezaliwa na wazazi weusi, lakini seli zake za rangi hazitengenezi melanini ya kutosha. Hakuna laana hapo, wala kosa la mama. Baba na mama wote wawili hubeba chanzo hicho bila kujua, na kwa wazazi wa namna hiyo kila mtoto anayezaliwa ana nafasi moja katika nne ya kuwa na ualbino. Mwenye kuwinda ng'ombe bora kwa madaftari ya uzazi anajua jinsi sifa iliyojificha kwa dume na kwa jike hutokea kwa ndama.

Mtoto huyu akichungishwa ng'ombe juani tangu asubuhi hata jioni bila kofia, ngozi yake hukauka, hutoa magamba, hupasuka midomo, na angali kijana aweza kuwa na kansa ya seli bapa usoni, masikioni au shingoni. Wengi wamekufa hivyo kabla ya kufika makamo, kwa ugonjwa ambao ungezuiliwa kwa kofia.

Ujue tena kwamba ubaridi wa nyanda za juu hudanganya. Kila unapopanda mita 1,000, ule mwanga wa jua unaochoma huongezeka karibu asilimia 10. Mkulima wa Kinangop, anayevaa sweta mchana, yuko juu ya mita 2,400. Jua lake huchoma kuliko la Mombasa, ila hewa ni baridi hata haligundui. Mawingu mepesi nayo hayazuii. Sehemu kubwa ya mwanga huo hupita. Kwa hiyo mtoto mwenye ualbino avae kofia yenye ukingo mpana pande zote, si kepi ya mbele tu, kwa maana kepi huacha masikio na shingo. Avae shati la mikono mirefu la kitambaa kizito, na kazi zake za nje ziwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi. Mwalimu aombwe amkalishe mbali na dirisha lenye jua, na karibu na ubao, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali.

Mafuta ya kukinga jua yamfaa yeye kweli. Katika miaka ya 2010 Serikali ya Kenya ilianza kuyatoa bure kwa watu wenye ualbino kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, na mzazi aulize hospitali ya kaunti jinsi ya kuandikishwa. Huko Moshi, nchi jirani ya Tanzania, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, ambako hufunzwa wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, na mafuta ya namna hiyo yametengenezwa huko huko kwa ajili ya watu wenye ualbino.

JINSI MADAKTARI WANAVYOPATA KUJUA

Pengine unauliza: haya yote yamejulikanaje? Yamejulikana kwa njia ile ile unayoijua wewe. Bwana Shamba anapotaka kujua kama mbolea mpya inafaa, hatii mbolea shamba lote akasema, "Tazama, mavuno ni mazuri!" Huenda mvua ilikuwa nzuri tu. Hugawa shamba vipande, huvipigia kura, vingine akavitia mbolea na vingine asitie, kisha hupima magunia ya kila upande.

Mwaka 1992 madaktari wa Australia walifanya hivyo na watu, katika mji mdogo uitwao Nambour, jimbo la Queensland. Watu wazima 1,621 walikubali. Kwa kura, nusu walipewa mafuta ya kukinga jua wajipake kila siku kichwani, shingoni na mikononi, na nusu waliachwa wafanye walivyozoea. Miaka minne na nusu hivi ikapita. Katika kundi la mafuta kansa za seli bapa zilipungua karibu asilimia 40. Waliendelea kuwaangalia watu wale miaka kumi zaidi, na mwaka 2011 wakatangaza kwamba melanoma mpya zilikuwa 11 katika kundi la mafuta, na 22 katika kundi la pili. Katika jaribio lile lile watu wengine walipewa vidonge vyenye asili ya rangi ya karoti, ambavyo wengi waliviamini. Havikuzuia chochote. Bila jaribio, vidonge hivyo vingekuwa vikiuzwa hata leo kwa sifa hiyo.

Lakini angalia, mkulima: hao walikuwa watu wa Queensland, wengi wao wa asili ya Ulaya. Mbegu ya mahindi iliyofanya vizuri Kitale haipandwi Makueni kwa kusifiwa tu, hujaribiwa Makueni. Hakuna jaribio kama lile la Nambour lililoonyesha kwamba mafuta ya jua huzuia kansa kwa watu weusi. Kwa hiyo mchuuzi akikushika mkono mjini akakuuzia chupa ya bei kubwa ati itakukinga na melanoma, hifadhi shilingi zako. Nunua buti za mpira. Kama mna mtoto mwenye ualbino, chupa ni yake.

Kwa upande wa dawa, mpaka mwaka 2010 melanoma iliyokwisha kusafiri ilikuwa karibu haina tiba. Kisha zikaja dawa za namna mpya. Mwili una askari wake wa kuwinda seli mbaya, lakini pia una breki za kuwazuia askari hao wasiupige mwili wenyewe, na kansa hujificha nyuma ya breki hizo. Dawa mpya huachia breki. Waliogundua njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Katika jaribio moja kubwa la watu 945 wenye melanoma iliyoenea, wale waliopewa dawa mbili pamoja, kama 43 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka kumi. Zamani wengi wa namna yao hawakumaliza mwaka. Hata hivyo dawa hizo ni ghali mno, zina madhara yake, na kwa melanoma ya unyayo hazifanyi kazi vizuri kama kwa ile ya jua. Bado kisu cha mapema kinazishinda.

Huenda siku moja wewe mwenyewe ukaombwa hospitalini kuingia katika utafiti. Usikimbie, wala usitie sahihi upesi. Sheria yataka ueleweshwe kwa lugha unayoijua: utafiti unatafuta nini, utapewa nini, hatari ni ipi, nani atalipa nauli, na kama kuna kundi lisilopewa dawa mpya. Utafiti wa haki huwa umepitishwa na kamati ya maadili. Omba uonyeshwe jina la kamati hiyo. Waweza kukataa, na waweza kutoka katikati, na hakuna anayeruhusiwa kukunyima matibabu yako ya kawaida kwa sababu hiyo. Lakini kumbuka kwamba majaribio mengi ya melanoma yamefanywa kwa Wazungu, na mambo ya unyayo mweusi hayatajulikana vema mpaka wenye nyayo hizo wahesabiwe.

SIKU YA KWENDA HOSPITALI

Mara moja kwa mwezi, jioni baada ya kuosha miguu, keti karibu na taa. Tazama nyayo zote mbili na katikati ya vidole, kisha kucha zote 20, kisha viganja. Usipoweza kuinama, mkeo au mumeo au mjukuu akutazamie. Mwenye simu ya picha apige picha ya doa akiweka kando yake sarafu ya shilingi tano, apige tena mwezi ujao, alinganishe.

Ukiona jambo la kushuku, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uwe umejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ya siku ya ugonjwa. Usiseme tu, "Nina kidonda." Sema kimeanza lini, kimekua kiasi gani, na dawa zipi zimekwisha kupakwa, hata za mitishamba, hakuna atakayekucheka. Kisha uliza, "Je, hakihitaji kukatwa kipande?" Kama kituo hicho hakiwezi, omba barua ya kwenda hospitali ya kaunti, na uulize kule kipande kitapelekwa wapi na kitalipiwa kiasi gani.

Kipande kikisha kukatwa, acha nambari ya simu inayopatikana, yako au ya jirani, na uandike jina la aliyekikata na tarehe. Wiki tatu zikipita bila jibu, rudi ukaliulize mwenyewe hata kama ni wakati wa kuvuna, na ukipewa karatasi ya jibu, iweke nyumbani pamoja na hati ya shamba, maana kila daktari atakayekuona baadaye ataitaka.